Tunachowaambia wanawake wakiwa na uchungu

Mamangu ana hadithi mbili za kuzaa, na huzisimulia kwa sauti mbili. Ya kwanza ni yangu mimi. Nilizaliwa nyumbani, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, mikononi mwa mzalisha mzee ambaye alishatangulia mbele ya haki. Ya pili ni ya ndugu yangu anayenifuata, aliyezaliwa miaka 31 iliyopita katika hospitali ambayo sitaitaja.

Juzi alikuwa amekaa mkekani uani, uteo wa mchele mapajani, anatoa chuya na vijiwe. Nikamwuliza uchungu upi ulikuwa mkali zaidi. Akafikiri kidogo. "Wako. Ulikaa mchana kutwa na usiku kucha." Akaendelea kuchagua mchele. Nikamwuliza anakumbuka nini. Kwangu mimi alikumbuka kiganja cha mzalisha chenye mafuta ya nazi kikishuka kiunoni, na maneno aliyoambiwa kila uchungu ulipopanda: "Ukiya, uwate uye." Kwa wasioijua lahaja yetu ya Kiamu: ukija, uache uje.

Tulipofika kwa ndugu yangu, mkono ulisimama juu ya mchele. Alikumbuka mlio wa viatu sakafuni. Alikumbuka taa iliyokuwa ikizimika na kuwaka. Kisha akalitaja neno aliloambiwa na muuguzi alipopiga ukelele: "Ulipokuwa ukiitafuta hukulia, walilia nini sasa?" Uchungu wenyewe, alisema, haukuwa mkubwa, ulikwisha kwa saa chache. Lakini neno lile bado analo, pamoja na sauti iliyolitamka. Akalirudia kwa sauti hiyohiyo, mimi nikaangalia chini.

Kuna jambo tunaloambiana wanawake wa pwani, na nadhani wa kwingineko pia: "Ukimwona mtoto utasahau yote." Niliambiwa hivyo nilipokuwa na mimba ya kwanza, nami nimewaambia wengine nikidhani nawapa moyo. Miaka ya karibuni nimekuwa nikisoma tafiti za wanasaikolojia kuhusu uzazi, usingizi, kumbukumbu, na ile hali ya kuzama katika maneno ya mtu iitwayo hipnosisi, ambayo wengi huifananisha na kiinimacho. Zimenifikisha mahali pa kukiri kwamba kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Mama huweza kusahau maumivu, na asisahau alivyotendewa na alivyosemeshwa. Ikiwa ni hivyo, basi ulimi wa aliyesimama kando ya kitanda ni kifaa cha kazi kama glavu na mkasi, na tumeuacha bila kuuchemsha.

Nchini Sweden, Ulla Waldenström na Erica Schytt waliwauliza wanawake walewale kuhusu maumivu ya kuzaa miezi 2 baada ya kujifungua, kisha wakawauliza tena mtoto alipofika mwaka 1, na tena alipofika miaka 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Karibu nusu waliyakumbuka maumivu kuwa madogo kuliko walivyosema mwanzoni. Kama thuluthi moja hawakubadilisha jibu. Na kama 16 kati ya kila 100 waliyakumbuka kuwa makubwa zaidi. Kiini kiko hapa: wale waliouona uzazi wao mzima kuwa jambo baya, kiwango cha maumivu waliyoyakumbuka hakikushuka kwa miaka yote hiyo. Aliyesahau ni yule aliyeridhika.

Mwalimu mmoja wa masuala ya uzazi huko Seattle, Marekani, aitwaye Penny Simkin, alikuwa amehifadhi maandishi ya wanawake kuhusu uzazi wao wa kwanza. Baada ya miaka 15 hadi 20 aliwatafuta 20 kati yao akawasikiliza upya, akalinganisha. Utafiti wake, uliotoka 1991, ni mdogo kwa idadi, lakini mimi ulinigusa kuliko tafiti kubwa. Walikumbuka kwa usahihi wa kushangaza, na wengi waliyarudia maneno ya madaktari na wauguzi kana kwamba yamesemwa jana, wengine kwa tabasamu na wengine kwa machozi.

Mwaka 2014, Eran Chajut na wenzake huko Israeli walitoa utafiti uliowauliza wanawake kiwango cha maumivu wakati uchungu ukiendelea, kisha wakawauliza tena baada ya kujifungua. Urefu wa uchungu haukuwa na uzito katika kumbukumbu. Kilichobaki ni kilele na mwisho. Nilipolisoma hilo nilimwelewa mamangu: mchana kutwa na usiku kucha wa kunizaa mimi umekunjwa kama kanga na kuwekwa, na saa chache za ndugu yangu ndizo zinazomchoma, kwa kuwa kilele cha usiku ule alikipata masikioni, kabla hata ya mtoto kutoka. Na Ellen Hodnett wa Kanada, alipozipitia mwaka 2002 tafiti nyingi kuhusu kuridhika kwa wanawake na uzazi wao, alikuta kwamba msaada wa wahudumu, uhusiano nao, kushirikishwa katika maamuzi na matarajio ya mama mwenyewe vina nguvu kuliko maumivu, na kuliko hata ganzi.

Lugha yetu ina neno la ajabu hapa. Mwarobaini una uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Aliyedhulumiwa akikumbuka huona uchungu. Na mwanamke saa yake ikifika, tunasema ameshikwa na uchungu. Kidole kilichokatwa kisu kinauma tu. Wazee waliolichagua neno hilo kwa kuzaa hawakuwa na maabara, lakini waliona kwamba katika kuzaa kuna kuuma, na kuna kitu kingine kinachokaa juu ya kuuma, kinachoweza kuwa kitamu au kichungu.

Maabara ilifika baadaye. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake wa Montreal waliwatumbukiza watu mikono katika maji ya joto la nyuzi 47 wakiwa katika hipnosisi. Mara waliwaambia kwamba karaha ya maumivu itazidi, mara kwamba itapungua. Maji yalibaki yaleyale. Katika picha za ubongo, sehemu inayopokea hisia za ngozi ilibaki karibu kama ilivyokuwa. Iliyopanda na kushuka kwa kufuata maneno ni sehemu ya ndani zaidi, singuleti ya mbele, inayoshughulika na kero ya jambo, yaani ubaya wake kwa anayelipitia. Neno lilikuwa limeacha maumivu mahali pake, likagusa uchungu.

Hipnosisi hii yenyewe inahitaji kutolewa ushetani kwanza, maana nikiitaja barazani watu hucheka au huomba kinga. Jina lilikosewa tangu mwanzo. James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza miaka ya 1840, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye aliona mwenyewe kwamba si usingizi, akajaribu kulibadilisha, lakini watu walikuwa wameshalizoea. Vipimo vya umeme wa ubongo vinaonyesha kwamba aliye katika hali hiyo yu macho. Ni umakini uliokusanywa mahali pamoja, pamoja na utayari wa kupokea maneno ya mtu anayeaminika. Mtoto aliyezama katika hadithi hata haachi kusikiliza akiitwa chakula yuko karibu na hali hiyo. Watu pia hutofautiana: tangu Ernest Hilgard na André Weitzenhoffer walipotengeneza vipimo vyao Stanford mwaka 1959, imejulikana kwamba wachache huingia kwa wepesi sana, wachache hawaingii kabisa, na wengi wetu tuko katikati.

Je, hupunguza maumivu ya kuzaa? Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu wapo wanaouza mafunzo mtandaoni wakiahidi uzazi usio na maumivu. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 9 yenye wanawake 2,954. Waliofunzwa hipnosisi huenda walitumia dawa za maumivu kidogo kuliko wenzao kwa jumla, lakini katika ganzi ya uti wa mgongo hapakuwa na tofauti ya wazi, wala katika kuzaa kwa njia ya kawaida. Jaribio la Denmark lilikuwa na wanawake 1,222, la Uingereza 680, na yote mawili yalileta jibu hilohilo kuhusu ganzi. Anayekuuzia kwamba hutaumwa anakuuzia hewa.

Lakini yaangalie majaribio hayo mawili mara ya pili. Wale wa Uingereza walipoulizwa wiki 2 baada ya kujifungua, waliopata mafunzo walisema hofu waliyoipata ilikuwa ndogo kuliko waliyoitarajia, kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Wa Denmark waliueleza uzazi wao kuwa mzuri zaidi. Maumivu hayakuondoka, sindano haikupungua, ila hofu na kumbukumbu vilikuwa vingine. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida halisi ya tafiti hizi, na faida hiyo haihitaji mtaalamu wa kukufumbisha macho. Inahitaji mtu wa kusema vizuri.

Hilo nalo limepimwa peke yake. Huko Boston, mwaka 2010, Dirk Varelmann na wenzake walichapisha jaribio dogo lililofanywa kwa wanawake 140 waliokuwa wanadungwa sindano ya kutia ganzi ngozi ya mgongo kabla ya ile kubwa. Nusu waliambiwa kwamba watahisi kama kuumwa na nyuki mkubwa na kwamba hapo ndipo pabaya zaidi. Nusu waliambiwa kwamba wanapewa dawa itakayotia ganzi ili wastarehe wakati wa kazi. Sindano ni ileile. Kati ya 0 na 10, wa kwanza walitoa alama ya kati ya 5, wa pili 3. Sentensi moja.

Sasa lirudie neno la mzalisha wa Mkomani. Hakumwambia mamangu kwamba hataumwa, angekuwa mwongo baada ya dakika 2. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia uchungu utakuja, akampa la kufanya nao: auache uje. Neno fupi, lenye mapigo yanayofuata pumzi, linalorudiwa kwa sauti moja usiku kucha na mtu ambaye mkono wake haubanduki. Nikilisoma kwa macho ya watafiti wale, naona kila kitu wanachokitaja: umakini uliokusanywa, imani kwa msemaji, maana mpya kwa hisia ileile. Bibi yule alikuwa hajasoma hata chuo kimoja cha ukunga. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa.

Jamaa wengi hapa humsomea mja mzito Sura ya Maryam. Ndani yake uchungu unampeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, na anatamani angekufa kabla ya hayo, awe kitu kilichosahauliwa kabisa. Jibu analopewa linaanza na neno: usihuzunike. Kisha anaonyeshwa kijito cha maji chini yake, kisha tende mbivu, kisha anaambiwa ale, anywe, na jicho litulie. Sitaki kuligeuza andiko takatifu kuwa kitabu cha ukunga. Nautazama tu mpangilio wake: neno lilitangulia maji na chakula. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2018 kuhusu huduma wakati wa kuzaa, linapendekeza mama awe na mwenzi wa kumchagua mwenyewe, asemeshwe kwa heshima, na asiye na hatari kubwa aruhusiwe kula na kunywa.

Naomba nieleweke. Siwaiti wanawake warudi kuzaa nyumbani. Mzalisha yule hakuwa na damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji, na katika visiwa vyetu wapo waliotoka damu hadi mwisho wakisubiri maji yajae mashua iondoke. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba uzazi 89 kati ya kila 100 nchini ulisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi, kutoka 62 mwaka 2014. Ni hatua kubwa na sitaki irudi nyuma hata kidogo. Ndiyo sababu neno linanihangaisha. Mama aliyetukanwa mara ya kwanza huchelewa kurudi mara ya pili, na kuchelewa ukiwa Ndau au Kiunga ni jambo la kufa na kupona.

Kabla sijafika kwenye usingizi, nina deni la haki kwa yule muuguzi. Kumbukumbu si kasha la Lamu la kufungwa kwa kufuli la shaba. Iko zaidi kama jahazi la Matondoni: kila likipandishwa pwani hukalafatiwa, ubao mmoja hutolewa na mwingine hutiwa, na baada ya miaka 30 bado tunaliita kwa jina lilelile. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba kitenzi kimoja ndani ya swali hubadilisha mwendo wa gari ambao mtu anakumbuka kuuona. Ndiyo maana hipnosisi ambayo hufaa kutuliza hofu haifai kuchimbua yaliyopita. Chama cha madaktari wa Marekani kilieleza mwaka 1985 kwamba yanayokumbukwa katika hali hiyo huweza kuchanganyika na ya kubuni, na wala si sahihi zaidi, huku mkumbukaji akizidi kuwa na hakika. Basi taa iliyokuwa ikizimika na kuwaka huenda ni ya usiku mwingine. Muuguzi huenda alisema kwa maneno mengine. Lakini kwamba mamangu alidhalilishwa akiwa hawezi kuinuka, hilo mwili wake umelishika, nami nililiona mkono uliposimama.

Kumbukumbu inapokuwa mbichi bado hupokea mkono. Huko Lausanne, Uswisi, Antje Horsch na wenzake walichapisha mwaka 2017 jaribio la wanawake 56 waliozalishwa kwa upasuaji wa dharura. Ndani ya saa 6 za mwanzo, nusu yao walipewa mchezo wa Tetris kwa dakika 15, ule wa kupanga vipande vinavyodondoka. Wiki ya kwanza iliyofuata, picha za ghafla za upasuaji ziliwarudia mara chache kuliko wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba mchezo unayashughulisha macho ya ndani wakati kumbukumbu bado haijakauka. Idadi ni ndogo na mimi sitawagawia wazazi wa Lamu simu za michezo. Ninachokichukua ni kwamba saa zile za mwanzo zina thamani, na huku kwetu ndizo saa ambazo mama huachwa peke yake zaidi, mtoto akishapimwa na kitanda kikisubiriwa na mwingine.

Usingizi ndio unaokausha. Tangu Jenkins na Dallenbach walipofanya jaribio lao la mwaka 1924, wakiwafunza vijana 2 silabi zisizo na maana, imekuwa ikionekana kwamba tulichojifunza hubaki vizuri zaidi tukilala baada yake kuliko tukikesha. Kwa mzazi mpya, usingizi una kazi nyingine pia. Wamarekani waliowapima akina mama katika miezi 4 ya mwanzo walikuta kwamba jumla ya saa zao za kulala haikuwa mbaya, saa 7 na ziada, ila zilikuwa vipandevipande, na kipande kimoja kimoja hakimpumzishi mtu. Arubaini yetu ilijengwa juu ya jambo hilo. Mama anarudi kwao. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga. Usiku mtoto akishanyonya bibi humchukua, humcheulisha, humtembeza uani, na mama hulala usingizi mzima mmoja. Siku hizi naona arubaini inapunguzwa hadi wiki, wengine siku 3, mama yu jikoni. Tumekata kitu bila kujua kilikuwa kinashikilia nini.

Hata kabla ya kuzaa usingizi una neno. Kathryn Lee na Caryl Gay walifuatilia wanawake 131 huko San Francisco katika wiki za mwisho za mimba. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 kwa usiku walikuwa na uchungu mrefu zaidi, na uwezekano wao wa kuzaa kwa upasuaji ulikuwa mara 4.5. Utafiti kama huo, wa 2004, hauthibitishi kwamba kukosa usingizi ndiko kulikoleta kisu. Lakini namfikiria mja mzito wa miezi 9 wakati wa joto la kaskazi, aliyeamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza, na sioni sababu ya kungoja uthibitisho zaidi ili mtu mwingine ashike unga.

Na anayesahaulika katika mazungumzo yote ya usingizi ni muuguzi. Nimekaa wodini usiku nikimwuguza jamaa. Nilimwona mkunga mmoja akiwa na wazazi 5, wawili tayari kusukuma, mmoja akitapika, simu ikilia kwamba kuna mwingine anateremshwa gatini. Saa 10 alfajiri alisimama kando ya sinki, maji yakimwagika, amefumba macho kwa kama nusu dakika. Kisha akaifunga bomba akarudi. Seung-Schik Yoo na Matthew Walker na wenzao walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu aliyekesha kwa kama saa 35, akionyeshwa picha za kuudhi, ile sehemu ya ubongo inayowasha hofu na hasira huitikia kwa nguvu zaidi ya asilimia 60 kuliko kwa aliyelala, huku sehemu ya mbele inayoituliza ikiwa imelegea. Neno aliloambiwa mamangu lilitoka katika ubongo wa nani, na ulikuwa umelala saa ngapi? Sisemi hivi kulisafisha neno lile. Nasema kwamba serikali inayompanga mtu mmoja kwa wazazi 5, zamu baada ya zamu, inashiriki katika matusi yake.

Wahenga walituachia: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo inamwonya mzazi. Sijawahi kusikia ya kumwonya mkunga, na nadhani ni kwa sababu zamani mkunga na mzazi walikuwa wa mtaa mmoja, kesho watakutana kisimani. Hospitali iliuvunja ujirani huo, na hatukuweka kitu mahali pake. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya nchini Kenya, uliochapishwa na Timothy Abuya na wenzake mwaka 2015, ulikuta mwanamke 1 kati ya 5 akisema alidhalilishwa kwa namna fulani wakati wa kuzaa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa mama mmoja fidia ya shilingi milioni 2.5, baada ya kuzaa sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013 na kutukanwa na kupigwa kwa ajili ya hilo. Ni mwaka huohuo wa 2013 ambapo serikali ilitangaza uzazi wa bure katika hospitali za umma. Bei iliondolewa kwa agizo la siku moja. Adabu haiondolewi wala kuletwa kwa agizo.

Kuna jambo moja ambalo tungeweza kuanza nalo Lamu hata wiki ijayo: mtu wa kumshika mama mkono. Mapitio ya Cochrane ya 2017, yenye majaribio 26 yaliyotoa takwimu kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba waliokuwa na mtu kando yao mfululizo walizaa zaidi kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, upasuaji ulipungua, na wachache zaidi walibaki na hisia mbaya kuhusu uzazi wao. Sijui dawa nyingine inayofanya yote hayo bila kuingizwa kwenye mshipa. Sababu inayotolewa mlangoni ni kwamba chumba ni kimoja, na wanawake wengine wamo ndani bila stara. Ni sababu ya kweli. Dawa yake ni pazia. Reli ya chuma, vitambaa, na fundi wa siku 2. Tumenunua mashine za mamilioni ambazo zimekaa na mifuko yake ya nailoni.

Mtu huyo kando ya kitanda pia humpunguzia mkunga mzigo: atashika beseni, atapangusa jasho, atampa mama maji, ataita mambo yakibadilika. Na neno baya husemwa kwa shida zaidi palipo na shahidi.

Wifi yangu, mke wa ndugu yangu yuleyule, anatarajia kujifungua mwezi ujao. Mamangu ameshaandaa kikapu: kanga 4, chupa ya uji, tende zilizofungwa kwenye karatasi, chupa ndogo ya mafuta ya nazi. Kinakaa nyuma ya mlango. Alipomaliza kuchagua mchele siku ile aliniuliza swali moja tu. "Wataniwata ningie?" Nilimwambia nitauliza. Nilipiga simu wodini, nikajibiwa kwa upole na sauti iliyochoka, kwamba itategemea siku hiyo nani yuko zamu.